Mukai Arudi kwa Oveni Iliyomshinda

Saa tatu asubuhi, Mukai Muthama amepiga magoti katika jikoni moja mtaani Lavington. Ameshazima swichi kuu ya nyumba. Sasa anaivuta oveni kutoka ndani ya kabati, polepole, juu ya gunia kuukuu alilotandika ili vigae visikwaruzwe.

Mwenye nyumba, Ravneet, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwezi haijaisha, Mukai! Wewe naweka koili mpya, mimi naona moto inatoka nyuma. Leo nani atakula keki mbichi?"

Ravneet huoka keki zisizo na mayai kwa wateja wa jamii yake ya Kihindi wasioyala, na jioni hii anangojewa kwenye sherehe ya uchumba. Ndiye pia aliyemwingiza Mukai katika grupu ya WhatsApp ya akina mama wa mtaa, ambako kazi zake karibu zote hutoka. Neno moja baya humo, na simu ya Mukai itanyamaza.

"Simlaumu," Mukai ananinong'oneza mimi, mwandishi niliyeandamana naye kazini leo. "Ningekuwa yeye ningefoka zaidi."

Mukai ana miaka thelathini na minne, watoto wawili, na chumba cha kupanga Waithaka. Alitoka Mwingi kuja kufanya kazi za nyumbani, na siku moja akamshikia fundi tochi oveni ya mwajiri wake ilipoharibika. Alipouliza maswali, fundi alicheka. Mukai akajiandikisha kwenye masomo ya umeme ya jioni.

Hadi leo walinzi getini humuuliza fundi yuko wapi. "Nawaambia tumekuja naye, amelala ndani ya begi."

Oveni inatoka, na harufu ya plastiki iliyoungua inatupiga puani. Nyuma, nyaya mbili zimekuwa nyeusi na ncha za koili, ule waya unaoipasha oveni joto, zimeliwa na moto. Pale nyaya zilipoungwa, tepu ya kawaida ya umeme imeyeyuka ikaganda kama lami.

Mara ya kwanza, Mukai alibadilisha koili kwa mbele bila kuitoa oveni. Waya mmoja ulikuwa umeungua kidogo, akauunga kwa kipande cha waya wa taa na tepu, vitu visivyohimili joto la oveni.

Angeweza kuisingizia stima, yaani umeme wa mtaa, kwamba ilipanda ghafla. Nairobi sote huisingizia stima, na hakuna anayebisha. Nakiri niliomba moyoni afanye hivyo.

"Mama, njoo uone," anasema. "Hii tepu ni yangu. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Makosa ni yangu, stima haina shida."

Ravneet anainama, anatazama. Anakwenda kubandika chai kwenye jiko la gesi.

Mukai anakata nyaya hadi palipo pazima, anaweka mpya zilizovikwa kitambaa cha kuhimili moto, na kuzibana kwa vibanio vya chuma. Anafunga koili nyingine, anapima kama umeme unavuja kwenye bati, kisha anawasha.

Haondoki kabla ya kuoka kiazi kitamu anachobeba begini. Kikiiva pande zote, kazi imekubali. Cha leo kinaiva vizuri. Ravneet anakikatakata, anakinyunyizia ndimu na pilipili, na sote tunakula kwa chai.

Ghafla anachukua simu na kurekodi ujumbe wa grupu. Mukai anaacha kutafuna.

"Kina mama, hii fundi alikosa, akarudi, akasema ni yeye alikosa. Bwana yangu miaka thelathini hajasema hivyo. Mpigie yeye."

Mukai anacheka huku akifuta machozi kwa mkono wenye masizi.

Tukitoka getini, ananieleza kuhusu kibanda kilicho wazi kando ya barabara ya Waithaka. Anataka kukichukua kabla ya Desemba, watu wawe wakimletea oveni huko.

"Nitaandika jina na namba ya simu kwa ukuta, kubwa kabisa," anasema. "Nikikosea, mtu ajue mahali pa kunipata."