Neno Tulilolisema Shimoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kwenye machimbo ya dhahabu nje kidogo ya Mpanda. Nilikuwa napanda ngazi kutoka shimoni, udongo ukaanza kunidondokea mgongoni, kidogo tu, kama mtu anayenyunyiza chumvi. Sikushtuka. Vijana tulikuwa na neno moja la Kiingereza kwa kila jambo: "normal". Hewa nzito, normal. Magogo ya kuzuia kuta yakilia, normal.

Juu nilimkuta Mzee Kalolo, Mfipa aliyetupangia magogo hayo. Alikuwa ameweka skwea yake, ile ya useremala ya kupimia pembe, kwenye kona ya fremu ya magogo. Akaniambia nitazame. Kati ya chuma cha skwea na gogo kulipita mwanga: fremu ilikuwa imeanza kupinda.

"Nani yuko chini?"

"Kaka yangu, Masanja."

"Mwite."

Nilimwita. Akacheka, akasema mimi muoga, udongo huo unadondoka tangu juzi, ni normal tu. Mzee akainama kwenye mdomo wa shimo, bila kupaza sauti sana.

"Masanja, na hiyo juzi nani alipima? Panda, mjukuu wangu. Utanicheka ukiwa huku juu."

Kicheko kikakoma. Nikasikia ngazi ikilia, kisha gogo likapasuka, kisha ngazi sikuisikia tena. Nimeogopa mengi maishani, lakini ukimya ule hadi leo unaniamsha usingizini. Vumbi likatoka. Halafu mkono, umejaa udongo. Tukauvuta mimi na Mzee, Masanja akatoka mzima. Nyuma yake shimo likajifunga na ngazi yetu ndani.

Miaka mingi baadaye nilinunua kamusi kuukuu pale Majengo, nikalitafuta neno lile. Asili yake ni Kilatini, jina la skwea ya seremala. Mwanzo lilimaanisha kilichokaa sawasawa na pembe ya skwea. Baadaye, kinachofuata kanuni. Mwishowe watu wakalitumia kwa chochote walichokizoea.

Siku hizi nakusikia nawe ukilisema, breki za pikipiki yako zikilia, mtoto akilala na homa siku ya pili. Usiseme jambo ni la kawaida kwa sababu tu jana lilikuwepo. Lipime. Kama hujui kupima, muulize anayejua, na akikuita, panda kwanza, ucheke baadaye.

Mungu akujalie sikio la kusikia unapoitwa, mwanangu, na kila ushukapo akuwekee mtu juu wa kukushika mkono.