Mara Arobaini na Tatu, Mahali Palepale

Asubuhi ile kuna mtu alibonyeza kioo cha simu mara arobaini na tatu, mahali pasipo na kitu.

Siyo mara mbili tatu kama aliyekosea. Arobaini na tatu. Palepale.

Na mimi nikacheka.

Naitwa Gasper, nakaa Katubuka. Kazi yangu ni kupima tovuti kwenye simu. Nampa mtu simu, anafungua ukurasa, nakaa pembeni naangalia anapokwama, halafu narekebisha. Yaani nalipwa kutazama watu wakihangaika. Kwa mwenye mdomo kama wangu, raha tupu.

Chama kimoja cha wenye maboti kilitaka tovuti kwa ajili ya safari za ziwani, Kibirizi mpaka Kagunga. Ratiba ipo, hali ya hewa ipo. Na chini kabisa ya ukurasa, kitufe chekundu: NIPO HATARINI. Ukikibonyeza, ofisini tunaona ulipo, boti la uokoaji linatoka. Tovuti inafunguka hata kama simu haina salio wala bando.

Bosi wangu Oswald ndiye aliyeichora, kwenye kompyuta yenye kioo kama dirisha. Mimi nikapewa siku tatu niipime kwenye simu.

Nikapima. Watu tisa, ofisini, feni inazunguka, vidole vikavu. Fresh kabisa.

Wa kumi alikuwa Shangazi Clementina. Siyo shangazi yangu wa damu, ni shangazi wa Kibirizi nzima. Kila wiki anafuata dagaa Kagunga. Ofisini hana muda wa kuja, nikamfuata ufukweni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu wee. Leo umekuja na ujanja gani?"

Nikampa simu ya majaribio. Kabla hajafanya lolote akachomoa mfuko wa nailoni, akaitumbukiza simu, akaukunja mdomo wa mfuko mara tatu upande wa chini wa kioo, akakaza kwa mpira.

"Sasa hapo unafunga simu au unafunga andazi?"

"Ziwani kila simu inavaa koti," akasema. "Yako ikiingia maji utalia wewe."

Nikamwambia abonyeze kitufe chekundu. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Shangazi, unabonyeza au unaponda karanga?"

Wabeba mizigo wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Gasper, hiki kitu njoo ukijaribu kwenye boti. Siyo kunichekesha huku nchi kavu."

Nikasema nitakuja. Sikwenda.

Kwenye ripoti nikaandika: tisa wamefaulu, mmoja hana uzoefu wa simu. Simu nikamwachia ajizoeze.

Jumatatu tovuti ikaanza kazi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa napitia rekodi za vidole. Mfumo unatuonyesha kila sehemu ya ukurasa mtu aliyogusa. Hautuonyeshi yuko wapi. Hilo tunalijua akibonyeza kitufe tu. Nje upepo wa kusini ulikuwa umeamka, dirisha linagonga gonga.

Ndipo nikaviona. Vidoti vyekundu, kimoja juu ya kingine, kwenye nafasi nyeupe, juu kidogo ya kitufe. Ishirini na viwili.

"Oswald, njoo uone mtu anapiga ngoma!"

Nikapiga picha, nikatupia kwenye grupu la kazini: "Mteja wetu anatafuta kitufe kwa tochi." Vicheko vikamiminika. Nikaenda kuchukua chai, nikapiga stori na dada wa mapokezi mpaka chai ikaanza kupoa.

Niliporudi vilikuwa thelathini na nane.

Kicheko kikanikauka. Mtu gani anabonyeza patupu karibu nusu saa nzima?

Nikaangalia jina la simu.

Ilikuwa ile ya majaribio.

Nikampigia Shangazi kwenye simu hiyo hiyo. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Inaita mpaka inakata. Ikiita, vidoti vinasimama. Ikikata, vinaendelea.

Thelathini na tisa. Arobaini.

"Anaiona simu inaita," nikasema. "Kwa nini hapokei?"

Oswald akaangalia kalenda ukutani. "Alhamisi si ndiyo siku anayorudi kutoka Kagunga?"

Kutoka Kagunga mpaka Kibirizi ni maji matupu, masaa. Utamtuma mwokoaji aelekee wapi?

Mezani kulikuwa na maandazi ya Oswald kwenye mfuko wa nailoni. Nikayamwaga. Nikatia simu yangu, nikakunja mara tatu kama Shangazi, nikakaza kwa mpira. Nikafungua ukurasa.

Kitufe kilikuwa chini ya mikunjo. Nauona wekundu wake, nakibonyeza, nailoni imekunjana, kidole hakipenyi. Nikasogea juu kidogo, nailoni inapolala vizuri. Hapo kioo kinasikia, ila kitufe hakipo.

"Nipigie," nikamwambia Oswald.

Akapiga. Alama ya kupokea ikatokea chini kabisa. Chini ya mikunjo.

Shangazi hakuwa anakosea. Alikuwa anabonyeza karibu na kitufe kadiri mfuko ulivyomruhusu.

"Tunahamisha kitufe," nikasema.

"Gasper, mpaka kikao kikae kiidhini..."

"Oswald, toka kwenye hicho kiti."

Sikupamba kitu. Nikakifanya kikubwa kama tofali, nikakiweka juu ya vidoti vyake, palepale. Ukurasa ule unajipakia upya wenyewe kila dakika kwa ajili ya hali ya hewa. Nikahifadhi, nikabaki nahesabu sekunde.

Arobaini na viwili.

Arobaini na vitatu.

Halafu kimya.

Dakika ikapita. Kitufe sasa kipo chini ya kidole chake, na kidole hakipo. Dirisha likagonga. Hakuna aliyeinuka kulifunga.

"Moja tu, Shangazi," nikakiambia kioo. "Ponda karanga. Moja tu."

Kompyuta ikalia.

Boti la uokoaji liliwakuta wamesukumwa mbali na pwani, injini imekufa, maji yamefika magotini. Wakatolewa watu kumi na wanne, hai. Niliwapokea Kibirizi. Shangazi amejifunika blanketi, anatetemeka, simu ipo mkononi, ndani ya koti lake.

"Shangazi, kwa nini hukuitoa kwenye mfuko?"

"Mawimbi yanaingia kama ndoo, niitoe? Ndiyo iliyobaki hai, ikifa hiyo tunakufa wote."

Akageuka kulitazama ziwa.

"Thobias mmempata?"

Thobias alikuwa fundi wa injini. Alipoona simu haileti jibu, alijifunga dumu tupu kifuani, akaruka aogelee kutafuta msaada.

"Aliruka saa ngapi?"

"Saa sikuangalia. Nilikuwa nimeshabonyeza kama mara thelathini. Akaniambia, Mama, hao hawatusikii."

Thelathini.

Wakati huo mimi nilikuwa nakunywa chai.

Dumu liliokotwa jioni. Thobias hajapatikana mpaka leo.

Niliporudi ofisini nikafungua rekodi ya siku ile ya ufukweni, jaribio la Shangazi ambalo sikuwahi hata kulitazama. Vidoti saba, kwenye nafasi nyeupe, juu kidogo ya kitufe. Palepale. Alishanionyesha kila kitu, nchi kavu, watu wote wakiwa hai. Mimi nikamwandika hana uzoefu.

Siku hizi napimia kwenye boti, simu ikiwa kwenye mfuko, mikono ikiwa na maji. Shangazi ndiye anayesema imefaulu au imefeli. Mimi nakaa nashika ndoo, na akiamua kunitania nanyamaza.

Nawe unayetengeneza kitu watu watumie, ukiona mtu anabonyeza mahali pasipo na kitu, usimcheke. Mfuate alipo, shika simu kama anavyoishika yeye. Huenda hajakosea. Huenda wewe ndiye uliyeweka mlango mahali asipoweza kuufikia.

Ile picha bado ipo kwenye grupu. Sijaifuta, na nimewakataza wasiifute. Ina vicheko kumi na saba.

Cha kwanza ni changu.