Kikombe cha Hamira Dirishani

Mimi sijui kutulia. Mama yangu, aliyenilea huko Turbo akipalilia mahindi ya watu, alisema hata nikilala miguu yangu inaendelea na safari. Nilipoenda kusomea mapishi Eldoret, katika chuo kidogo chenye madarasa manne na jiko moja la mafunzo, mwalimu wetu hakumaliza wiki kabla ya kuniita kiguu na njia. Unga ukishakandwa hufunikwa kitambaa ili uumuke. Wenzangu walifunika wakasubiri. Mimi nilifunua kila baada ya dakika mbili kuchungulia.

"Wewe, wacha kufunua!" alinifokea. "Baridi inaingia. Hii ni Eldoret, si Mombasa."

Kiherehere hicho kiliniangusha mtihani wa mwisho wa mikate, nikarudishwa darasa la walionifuata. Nafasi ya kurudia ilikuwa moja tu. Nikianguka tena ningefungasha virago nirudi Turbo kushika jembe, na mama alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba atavaa kitenge kipya siku ya mahafali yangu.

Meza iliyokuwa karibu na yangu ilikuwa ya msichana kutoka Soy, mtulivu kiasi cha kuniudhi. Alikanda unga kama mtu aliyepewa siku nzima, kisha akakaa, mikono mapajani. Ndiye aliyekuja kuwa rafiki yangu. Katika jaribio moja la darasani tulikatazwa kabisa kuongea. Moto wa oveni yangu ukazimika nikiwa nimeenda kuzurura karibu na dirisha.

"Wee, oveni yako imezima!" aliniita, bila hata kupunguza sauti.

Mwalimu akamtoa nje na kumpa sufuri. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi, aproni begani, anacheka. "Sasa ningewacha keki yako iharibike?" aliniuliza.

Mtihani wa mwisho ulikuja Julai, vidole vikiuma kwa baridi. Msimamizi alitoka Nairobi, mama mmoja wa miwani asiyetabasamu. Alituambia kwamba atakayefungua mdomo atatoka na matokeo yake yatafutwa. Tukaanza. Nilikanda unga wangu, nikaufunika, na macho yangu yakaanza kutangatanga kama kawaida.

Ndipo nikakiona kikombe. Kilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, nyuma ya rafiki yangu, hamira imefura povu hadi ukingoni. Alikuwa amekiweka pale kwenye jua kipate joto, akakisahau. Na sasa alikuwa anakanda unga uliotiwa maji matupu, polepole, uso umetulia.

Muda ulikuwepo. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuangusha mwiko au kuonyesha dirisha kwa kidevu. Nilifungua mdomo, msimamizi akainua kichwa, nikaufunga. Nikajiambia kwamba yeye bado ana nafasi ya kurudia na mimi sina. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na bado niliona haya papo hapo.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliketi. Sikufunua kitambaa hata mara moja. Sikugeuza shingo wala kuinuka, kwa sababu kila nilikogeuka ningekiona kile kikombe. Niliyakazia macho magoti yangu mpaka muda ulipokwisha.

Mkate wangu ulitoka mzuri kuliko yote. Msimamizi aliukata, akaubonyeza, akaunusa, na akatabasamu. Wa rafiki yangu ulikuwa mgumu kama tofali. Aliutazama, akageuka, akakiona kikombe dirishani. Kisha akanitazama mimi. Nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Hakuniuliza kitu kwa miezi mingi. Siku ya mahafali alikuja, ingawa hayakuwa yake, akanibania kofia kwa pini huku mama akipiga vigelegele uwanjani na kitenge chake kipya.

"Ulikiona kile kikombe?" aliuliza, pini mdomoni.

"Nilikiona."

Aliendelea kubana. "Ata mimi ningenyamaza," alisema.

Alikuwa ananidanganya ili nipate raha siku yangu, na alijua kwamba najua. Nilitaka kulia. Lakini mama alikuwa anatuita tupigwe picha, akamvuta na yeye, akatusimamisha mmoja kila upande.

Picha hiyo iko ukutani kwa mama, Turbo. Mama anaonekana vizuri, rafiki yangu pia. Mimi nilitingishika, uso wangu umetoka kama ukungu. Wageni wakija mama huwaonyesha, anacheka, anasema mtoto huyu hajawahi kutulia hata siku moja. Mimi huinuka nikaongeze chai. Sijamwambia kwamba siku moja nilitulia.