Fundo la Baba Mkwe

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kutunga sijui. Ninayoyaandika yalinipata mwenyewe, tena mchana, kwenye magenge ya mawe juu ya Malindi, ile yetu ya milimani, si ya pwani. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize.

Rajabu wa Mombo alikuja kutufundisha kuongoza makundi ya wageni kupanda barafu ya Kilimanjaro. Barafu yenyewe hatujawahi kuiona, tulijifunzia kwenye jiwe lililolowa. "Jiwe likilowa ni dada yake barafu," alisema. Tulikuwa wanne, akiwemo baba mkwe wangu, Mzee Salehe, mrina asali aliyeyapanda magenge yale tangu ujana wake. Kila mmoja alikuwa na zamu ya kuongoza, na sheria ya kwanza ilikuwa hii: kabla mtu hajapanda, kiongozi alishike fundo la kamba la kiunoni mwake kwa mkono. Macho hayatoshi.

Siku ya zamu yangu nikamfikia mzee. Sasa niambie, kwetu nani anamshika mkwewe kiunoni? Nikasimama mbali kidogo, macho chini.

"Shikamoo baba. Umefunga vizuri?"

"Marahaba. Nilianza kurina asali hujazaliwa, mkwe. Angalia la kwako, suruali isikuvuke."

Wenzangu wakacheka. Rajabu alikuwa palepale, anaona. Namtaja kwa jina kwa sababu aliona. Akasema, "Mwache mzee na heshima yake, tuendelee, ukungu unakuja."

Fundo lilikuwa limepitishwa mara moja tu, halikurudishwa mara ya pili ili likaze. Mzee alikaribia kufika juu, akaegemea kamba apumzike. Sikumsikia akipiga kelele. Nilisikia majani tu.

Msibani mke wangu Zaina aliniuliza swali moja. "Ulimkagua baba?" Nikasema ndiyo.

Arobaini ilipopita, Rajabu akaniachia kundi langu la kwanza, walimu watano kutoka Tanga. Wanne niliwashika mafundo. Wa tano alikuwa mzee mstaafu mwenye mvi. Unafikiri nilifanya nini? Nilimuuliza kwa mdomo, akasema tayari, nikarudi mbele. Ndiyo, nilirudia kosa lilelile.

Ukungu ukashuka, nisimwone hata aliye nyuma yangu. Kila aliye tayari alitakiwa avute kamba mara moja. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Halafu sita.

Nikarudi nyuma nikiifuata kamba kwa mkono, mtu baada ya mtu. Mwishoni kabisa alisimama mtu mwenye koti la baba mkwe, linanuka moshi wa kufukuzia nyuki. Niamini, ulimi wangu wenyewe ulisema shikamoo. Hakuitikia.

"Mkwe," alisema taratibu, "nikague."

Nikanyoosha mkono, nikamshika kiunoni, machozi yananitoka. Palikuwa pa baridi sana. Nikapapasa fundo: limepitishwa mara moja, halikurudishwa.

"Kijana, mbona unalia?"

Alikuwa ni yule mwalimu mstaafu. Mkono wangu ulikuwa kiunoni mwake, na fundo nililoshika lilikuwa lake.

"Niwie radhi mzee," nikasema. "Nakufunga upya."

Walimu wote watano walishuka salama. Jioni ile nikamwambia Zaina ukweli. Alinichemshia chai, akaniwekea mezani, akakunja kanga zake, akaenda kwa mama yake. Hajarudi mpaka leo. Rajabu bado anafundisha, na nasikia anawaambia watu kwamba mzee alikuwa mbishi. Hapana, Rajabu. Tulimuua mimi na wewe.

Bado naongoza makundi. Kila nikihesabu mivuto ya kamba, huzidi mmoja. Naenda mpaka mwisho, nanyoosha mkono, simkuti mtu.

Basi wewe unayejifunza kuongoza watu, mkweo akisimama kwenye kamba yako, mshike kiunoni. Akikasirika, akasirike. Atashuka, utamwomba radhi, na yeye atakuwepo wa kuitikia.