Gramu Tisa za Bibi Chembe

Mama mkwe wangu aliacha shule darasa la nne, lakini fizikia ameisoma miaka kumi na mmoja. Aliisomea dirishani. Zamani alikuwa akiuza mikate midogo kwenye shule ya sekondari, na ndoo yake aliitega chini ya dirisha la kidato cha kwanza. Kila mwaka, wiki ya kwanza, mwalimu alianza na Wagiriki wa kale na chembe zao zisizokatika. Wiki ya pili aliwahamishia wanafunzi maabara, ng'ambo ya uwanja, na huko sauti haikufika. Kwa hiyo mada ya kwanza mama ameisikia mara kumi na moja, ya pili hajaisikia hata mara moja.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bibi Chembe. Sasa ana tanuri lake mwenyewe nyuma ya nyumba, la matofali, na chumba cha mbele chenye kabati la kioo. Mimi ndiye ninayeuza hapo kabatini na mtoto mgongoni, mume wangu anasambaza madukani kwa baiskeli, na mama anaoka na kufundisha. Huwezi kununua mkate kwake ukaondoka bila somo. Atakukatia kipande cha kinyunya, ule unga uliokandwa, mbele yako, akate nusu yake, na nusu ya nusu, hadi kisu kinakwaruza meza tu. Halafu atakueleza kwamba ungekuwa na kisu chembamba kuliko vyote, mwisho ungefika kwenye kitu kinachokigomea. Hicho ndicho chembe. Hakizaliwi, hakifi, na kati ya chembe na chembe kuna utupu, maana bila nafasi zingepishana wapi? Chembe za mviringo zikipita ulimini unasema tamu. Zenye kulabu zikikukwaruza unasema limau.

Aliyeyasema hayo, anadai mama, alikuwa mzee mcheshi aliyewacheka watu kwa mahangaiko yao. Jina mwalimu alilitaja kila mwaka na mama hakulishika hata mwaka mmoja.

Mchana, jua likipenya tundu la bati pale jikoni, unga unaonekana ukicheza ndani ya mwale. Hapo mama humchukua binti yangu, mjukuu wake wa miezi tisa, ambaye humwita mke mwenza.

"Tazama, mke mwenzangu, wanavyopigana vikumbo. Hata jiwe ndani liko hivyo hivyo, ila linajifanya limetulia."

Mtoto hunyoosha mkono akamate, akifungua kiganja hana kitu, anacheka. Mama anasema huyo ameshaelewa kuliko sisi.

Basi Jumatatu moja akaja mkaguzi wa mizani. Kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi hadi inaogopesha. Akachagua mikate kumi kabatini, akaipima mmoja mmoja kwenye mizani yake yenye namba nyekundu. Kwenye karatasi ya kufungia mkate tumeandika gramu mia nne. Hakuna uliofika. Wastani, akasema kwa upole, kila mkate umepungua gramu tisa. Angerudi Alhamisi, na akikuta vile vile tanuri lingefungwa.

 Mama alikaa juu ya gunia la unga akafuta mikono iliyokuwa mikavu. Kilichomuuma si tanuri peke yake. Ni kwamba kila mkate aliupima kwa mkono wake, ukiwa bado unaunguza, na usiofika mia nne haukuvuka mlango wa jikoni, tuliula sisi. Aliuamini ukiwa wa moto kwa sababu hapo ulikuwa haujaguswa na mtu. Sasa mtaa ungesema Bibi Chembe anawaibia watu chembe kwa chembe, na usemi huo ungempendeza kila mtu isipokuwa yeye.

Jumanne akamtafuta mwizi. Kwanza panya, lakini panya gani anayemega gramu tisa tisa kwa haki vile? Pili mizani yake. Tukaipima kwa pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa, ikatoa kilo sawasawa. Tatu akamtazama mwanawe, akaanzia usoni akaishia tumboni. Mume wangu akaapa hajawahi kulamba hata ganda. Mama akasema hajamtuhumu, anamhesabia tu vifungo vya shati.

Mimi sina elimu ya dirishani, lakini nakaa na lile kabati siku nzima. Jumatano asubuhi nilipopanga mikate ya moto, kioo kikatoka jasho kama kawaida, nikakifuta kwa kitambaa kama kawaida. Safari hii nikakikamua kile kitambaa kwenye kikombe. Maji yakafunika kitako cha kikombe. Nikampelekea, nikamwambia, mama, haya yametoka kwenye mikate.

Akayatazama, akainusa hewa ya chumba kizima, kisha akanitazama kama mtu aliyeletewa barua.

"Mkwe wangu," akasema, "chembe wangu hawakuibiwa. Wamehama."

Alhamisi mkaguzi alipofika alikuta kiti kimefutwa. Mama alimwomba jambo moja tu: atoe mkate tanurini, auweke mwenyewe kwenye mizani ya serikali, na asiuguse mtu. Mkaguzi akatazama saa, akatazama mkate, akakaa. Nadhani harufu ilimsaidia mama.

Namba zikasema mia nne kamili. Mama akaanza mada ya kwanza. Mkate ni chembe na utupu, harufu nayo ni chembe zilizochoka kukaa, na kila pua mtaani hapa imeonja mkate wake tangu alfajiri. Alipofika kwa mzee mcheshi, namba ikawa mia tatu tisini na nane. Mkaguzi akainama akaangalia chini ya meza. Baada ya nusu saa, tisini na sita. Akaipuliza mizani, akaigonga ubavuni. Ikamrudishia tisini na tano. Mtoto wangu alikuwa chini anazikodolea zile namba, na kila moja ikibadilika anapiga kelele ya furaha, tukawa hatuna haja ya kuangalia. Ulipopoa kabisa, ulisimama kwenye mia tatu tisini na moja.

"Hesabu mwenyewe, mwanangu," mama akasema. "Gramu tisa, na mikono yetu umeiona. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Hawasemi kwamba ndiyo hiyo hiyo inayokimaliza."

Mkaguzi aligongagonga kalamu, na mimi nikaona ameshaamini, ila kuna kitu kinamkwama. Kisha akauliza mama alisoma wapi. Mama akamtajia dirisha na wiki ya kwanza. Akamuuliza, na wiki ya pili? Mama akakiri, kwa mara ya kwanza mbele yangu, kwamba ya pili hakuisikia.

Basi mkaguzi akamsimulia, kwa heshima, kama anayemwambia mkubwa wake kwamba kanzu imechanika nyuma. Kwamba baada ya mzee mcheshi walikuja wakubwa wengine wakasema hakuna chembe wala utupu, dunia ni udongo, maji, hewa na moto. Watu wengi wakawafuata hao, na chembe zikakaa pembeni karibu miaka elfu mbili. Aliyezirudisha kwa nguvu ni mwalimu mmoja wa shule, kwa kufuatilia uzito wa vitu vinavyoungana.

"Wagiriki waliwaza vizuri, mama. Lakini kilichowapa haki ni mizani. Na mizani inasema zilizohama ni chembe za maji hasa, harufu ni kidogo sana. Mnunuzi anaupata mkate ukiwa umepoa. Hizo zilizohama hazimshibishi."

Mama akavuta kigoda, akakaa kusikiliza. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

Mkaguzi akaandika kwenye karatasi yake: hakuna udanganyifu, uzito urekebishwe, mikate ipimwe ikipoa. Tanuri likabaki wazi. Mlangoni akageuka, akaongeza kwamba, kwa taarifa tu, siku hizi zile chembe wanazipasua.

"Nani kawatuma?" mama akauliza.

Tangu siku hiyo, kila donge likishapimwa, mama hulibandika kipande kingine cha kinyunya, kidogo kuliko ngumi ya mjukuu wake. Anakiita nauli, ya wale wanaosafiri. Mkate anaupima mara mbili, wa moto kwa mazoea, uliopoa kwa ajili ya karatasi. Wanafunzi wake wa kabatini sasa wanapata somo refu zaidi, na bado anawakatia kinyunya hadi kisu kinakwaruza meza. Akifika hapo hushusha sauti, huangalia mlangoni kama mkaguzi yupo, na kusema kwamba kuna watu wanadai wanaendelea kukata, lakini yeye visu vyao hajaviona.