Aliyeipasua Riwaya Mpya Ili Tusome Sote

Habari zilinifikia nikiwa kwenye foleni ya maji hapa mtaani Magongo, kwamba yule mama mshonaji ametutoka. Simtaji jina, maana hakupenda litangazwe hata kanisani. Waliomjua watamtambua kwa jambo moja: kila alipopata riwaya mpya, alichukua wembe akaipasua vipande vinne.

Nasema mpya, lakini ilikuwa mpya kwetu tu. Alizinunua za mtumba, zilizotandazwa kwenye gunia kando ya barabara. Siku ya kwanza nilipomwona akipitisha wembe kwenye mgongo wa kitabu nilishika kichwa. "Mama, unakiua." "Sikiui, mwanangu, nakizalisha," akanijibu, huku akikishona kila kipande kwa uzi wa suruali. Tulikuwa wasomaji wanne: yeye, mimi, shoga yake muuza mahamri, na kijana mmoja wa bara anayefanya vibarua bandarini. Vipande alivificha chini ya leso, kila mtu akachomoa chake bila kuangalia, na Jumapili watu wakishatoka kanisani tukabadilishana. Kwa hiyo uliweza kuanza kitabu katikati, au mwisho kabisa. Sharti lilikuwa moja tu: aliyetangulia kujua afunge mdomo.

"Mimi nimeanza na talaka nikamalizia na posa," shoga yake alilalamika siku moja. "Kwani ndoa yako wewe ilikwendaje?" mama akamuuliza, akiendelea kukanyaga cherehani. Yule kijana alicheka mpaka akamwaga chai.

Riwaya ya mwisho ilimkuta tayari mgonjwa. Ilikuwa ya binti aliyeondoka kwao kwenda kumtafuta baba asiyemjua. Tulimsihi mara hii aisome yeye kwanza, nzima. Akakataa, akaipasua palepale kitandani. Yeye alichomoa kipande cha kwanza, kijana wa bara akapata cha mwisho. Macho yake yalipochoka tuliacha kubadilishana, tukawa tunamsomea kwa zamu, cha pili, kisha cha tatu, na kila jioni aliuliza, "Hivi atamwona babake kweli?" Aliyejua ni yule kijana peke yake, naye alitazama ukutani. Siku tuliyoona pumzi zimekuwa fupi, kipande cha tatu kilikuwa kimebaki kurasa chache tu. Kijana akamwinamia. "Mathe, wacha nikuambie tu vile inaisha." Mama akatikisa kichwa. "Ukiniambia nitakuwa nimemaliza. Mimi nataka mje kesho."

Tulikwenda, mimi nikitoka moja kwa moja kwenye ile foleni ya maji. Tulikuta wanawake wametandika mikeka uani na shoga yake amejifunika uso kwa leso. Kijana alisimama mlangoni, mkono mfukoni, pale alipokuwa ameweka kipande cha nne, akasema taratibu kana kwamba kuna mtu ndani wa kumsikia, "Nilikuwa nimekileta."

Mimi niliishia darasa la nane, na nina ndoto ya kuandika riwaya yangu siku moja, inshallah. Siku zote nilidhani kusoma ni kujifungia. Na ndivyo wengi tulivyo sasa: mtu na simu yake, anasoma peke yake, anacheka peke yake, ukimuuliza anacheka nini anakwambia hapana kitu. Hata sisi wenye vitabu huwaazima wenzetu vile tulivyokwisha kuvimaliza, vilivyotukinaisha, kisha tunajiona wakarimu. Mama huyu alikigawa kitabu kingali na utamu wake wote, kabla hata yeye hajajua ukurasa wa kwanza unasema nini. Alikigawa huku akikitamani. Sijui kama mimi ningeweza, na ndilo ninalojaribu kujifunza kwake: kumpa mwenzangu kitu kabla sijashiba mwenyewe, kwa sababu nikingoja nishibe huenda nisimpe kamwe.

Inaniuma kwamba aliondoka bila kujua kama yule binti alimpata babake. Inaniuma sana. Lakini ningeambiwa nichague, kati ya kuumaliza ukurasa wa mwisho nikiwa peke yangu chumbani na kuondoka kama alivyoondoka yeye, ningechagua hivi: kitabu hakijaisha, na kuna watu wako njiani wanakileta.