Robo Saa ya Mama

Walipomfungua mama plasta ya mguu hospitalini Thika, dresa, msaidizi wa daktari, alinieleza mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nimesoma.

"Atembee robo saa kila siku, mtu akimshika mkono. Kila siku, karani. Mguu huu ukilala, utalala kabisa."

Nikaitikia kwa kichwa. Mama alitaka jambo moja tu: kuteremka tena mwenyewe hadi kwenye kishamba chake cha nduma, bondeni kando ya mto kule kwetu Ruiru. Huko ndiko alikovunjikia mguu, na huko ndiko alikotaka kurudi.

Robo saa ni kitu kidogo. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa. Kukaa ndiyo kazi niliyoijua vizuri. Mchana nilikaa katika ofisi ya kiwanda cha kahawa, nikiandika magunia. Jioni nilifika nyumbani nikakaa tena, kupumzika kutokana na kule kukaa. Jumatatu nilimtembeza mama hadi kwenye ua wa jirani na kurudi. Jumanne kulikuwa na manyunyu. Jumatano nilisingizia kafyu ya Hali ya Hatari, ingawa jua lilikuwa bado juu ya paa na hata mbuzi walijua saa haijafika.

"Baba, leo tunatembea?" mama aliuliza Alhamisi. Mimi ni mwanawe wa pili wa kiume, nimepewa jina la babake, kwa hiyo kwa desturi yetu aliniita baba, na kunitania alinitania kama mzazi aliyemzoea.

"Kesho, maitu. Leo mgongo umekataa."

"Pole. Mtu akiinua kalamu kutwa nzima, lazima aumie."

Ndipo elimu yangu ya sekondari ikaja kunisaidia. Nilipiga hesabu: robo saa kwa siku sita za kazi ni saa moja na nusu. Si tutembee zote Jumapili, tukitoka kanisani, siku ambayo mtu ana nafasi? Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na chakula cha wiki nzima tutakula Jumapili hiyo hiyo?"

Lakini alikubali. Nadhani alikuwa amechoka kuniomba kila jioni.

Jumapili tukashika njia ya vumbi kuelekea stesheni. Alianza kwa kucheka kofia za watu. Nusu saa ilipopita aliziacha kofia, akaanza kuuegemea mkono wangu kwa uzito wake wote. Nikatazama saa yangu nikamwambia bado saa nzima. Jioni kifundo kilikuwa kimevimba, na siku tatu hakuweza kuukanyagia mguu huo. Jumapili iliyofuata tukarudia, maana hesabu ilikuwa sahihi.

Baada ya mwezi tulirudi Thika. Daktari, Mzungu mzee, aliuliza jambo, na dresa akalitafsiri: mama alikuwa akitembea?

"Robo saa kila siku," nikasema. "Bila kukosa."

Mama alitazama dirishani. Daktari akaubonyeza mguu, akaukunja kidogo, akasema maneno machache.

"Anasema kama mmefanya hayo yote na mguu bado uko hivi, basi hapa ndipo mwisho wake," dresa akatueleza. "Msimtese tena. Mtafutieni gongo la kutembelea."

Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi. Nikasimama.

"Ngoja nirudi niwaambie ukweli."

"Keti," mama akasema. "Yule dresa kijana atakufokea mbele ya wagonjwa wote. Nitakaaje hapa nikisikiliza baba yangu akifokewa?"

Nikaketi. Manyunyu na kafyu naweza kuvitolea maneno hata leo. Lakini hilo sina la kulisemea: kwamba aliniambia niketi, nami nikaona ni nafuu, nikaketi.

Kesho yake tulianza upya, robo saa kila jioni, yeye na gongo lake upande mmoja na mimi upande wa pili. Sikukosa hata siku moja, na hakuna aliyeniuliza. Ilichukua miezi mingi kufika mahali njia inapoanza kushuka mtoni. Pale alisimama, akaegemea gongo, akatazama majani ya nduma kule chini, kisha akautazama mteremko kwa muda mrefu.

"Shuka wewe," akasema. "Chimba ile ya nyuma. Hiyo ya mbele bado changa."

Nikashuka. Kila nilipoinua kichwa alikuwa bado amesimama kule juu, akinionyesha kwa mkono mahali pa kuchimba.